Pua Moja kwa Watu Watatu

Nyumbani walimwita Pua tangu hajang'oa meno ya utotoni. Baba yao alikuwa mwoka mikate, na katika bekari yake ndogo palikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kuwasha kiberiti mpaka mtu ainame kwenye mtungi wa gesi, anuse, aseme "Safi." Kazi hiyo alipewa binti, maana alikuwa na pua ya ajabu. Alijua maziwa yataharibika kabla hayajaharibika. Alijua kaka yake amepitia kwa wavuta sigara, hata akija ametafuna mnanaa mdomo mzima. Kaka alichapwa sana kwa sababu ya pua ile, na mpaka leo huwasimulia wateja huku akicheka na kujishika sikio.

Sasa baba hayupo, bekari ni ya kaka, na Pua hasikii harufu ya kitu chochote.

Nyumbani hakuna aliyejua. Daktari wa nyumba ya tiba alimmulika puani kwa kitochi, kisha akamwambia kokeini imekula ukuta wa katikati, umetoboka. Harufu huenda ikarudi, huenda isirudi. Pua aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia. Aliporudi kitandani alijifunika shuka gubigubi.

Alianza akiwa mpishi wa keki katika hoteli kubwa. Zamu zilipandana, mwenzake wa jikoni akamwonjesha kokeini ili asisinzie, na tangu hapo mambo yakaenda mrama. Siku ya kumzika baba, damu ilimchuruzika puani mbele ya watu wote. Shangazi zake walidhani ni uchungu wa msiba. Wakamlaza, wakampepea, wakamsifu kwa jinsi alivyompenda baba yake. Naye akalala pale, macho kafumba, akisifiwa. Kaka peke yake ndiye aliyesimama mlangoni akimtazama. Wiki ileile akampeleka kwenye tiba.

Na aliporudi, akamkuta kaka huyohuyo bekarini, kiberiti mkononi.

"Kazi yako ilikuwa inakungoja," kaka alisema. "Mimi nilikuwa nabahatisha tu. Haya, inama tuanze."

Angesema nini? Aliinama, akavuta hewa, hewa ikaingia kavu, haina habari yoyote. "Safi," akasema. Kaka akatabasamu. Tabasamu lile Pua hakuwa ameliona tangu kabla ya msiba, na hakuwa na ubavu wa kulifuta.

Basi ikawa hivyo kila siku. Alijituliza kwamba kaka ana pua, wifi yake naye ana pua. Gesi ikivuja wataisikia wenyewe. Kila alipokwenda kumwona mshauri wake, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, kikao kiliishia kwa swali lilelile: "Tangu tuonane, umemdanganya nani?"

"Sijamdanganya mtu, mama."

Mama yule alimtazama, akajifunga mtandio wake upya, akasema, "Haya. Karibu tena."

Kisha mafua yakaingia nyumbani. Yalianza kwa mtoto, yakampata wifi, yakamalizia kwa kaka. Alasiri moja kaka alifunga mtungi mpya wa gesi, akakaza mpira, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Wifi alikuwa mezani akikata madonge ya unga uliokandwa, mtoto amelala mgongoni mwake, khanga imemfunika mpaka masikioni.

"Wewe mwanamume, usinipigie chafya kwenye mikate," wifi alisema kwa sauti iliyoziba. "Wateja watadhani ni chumvi."

"Nani wa kusikia ladha humu ndani? Leo tuna pua moja watu watatu." Kaka akatoa kiberiti. "Mkubwa, tunasubiri neno lako."

Pua aliinama. Aliuona mpira, akaona kiungio cha shaba pale mpira unapoingia. Akavuta hewa.

"Safi," akasema. Neno lilitoka lenyewe kwa mazoea.

Kaka alichomoa njiti. Pua akamwona mtoto anageuza kichwa mgongoni kwa mama yake, shavu limelaliwa hadi lina mikunjo.

"Usiwashe!"

Njiti ilikuwa imeshagusa ubavu wa kiberiti. Kaka akaganda. "Inavuja?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si umesema safi?"

"Sisikii harufu, kaka. Sisikii kabisa. Ile kokeini imenitoboa pua." Alikuwa anaongea na sakafu. "Tangu nimerudi nakudanganya."

Wifi aliacha kisu juu ya meza. Akatoka nje na mtoto, taratibu, na ule upole wake ulimchoma Pua kuliko tusi.

"Siku zote hizi?" kaka aliuliza.

"Siku zote."

"Na mimi nawasha tu, mke na mtoto wamesimama hapo."

"Ndiyo."

Kaka akarudisha njiti kwenye kiberiti. Njiti ikagoma kuingia mara mbili. Pua akakimbilia karai, akakoroga sabuni kama walivyokuwa wakifanya hotelini, akapaka povu kwenye kiungio na mpira wote kwa brashi ya kupakia mayai. Gesi ikivuja, povu hufura. Akapiga magoti, akakodoa macho.

Povu lilikaa kimya. Halikufura popote.

Na hapo ndipo aibu ilipomshika hasa, kwa sababu alijikuta anatamani lifure. Japo kitone kimoja, aonekane ameokoa mtu. Hakuokoa mtu. Alikuwa amesema ukweli, basi, na nyuma ya ukweli huo hapakuwa na kitu cha kujifichia.

Alisikia kaka anakuja. Alingoja kuambiwa afungashe vitu vyake. Badala yake kaka alichuchumaa kando yake, magoti yakalia, akavuta makamasi.

"Siwezi kukuambia yameisha," alisema. "Hayajaisha. Nimeogopa."

"Najua."

"Hujui. Futa hilo povu, upake tena. Polepole, mbele yangu, nione."

Pua akafuta, akapaka tena. Vichwa vyao vilikaribiana kama zamani walipokuwa wakichungulia tanuri, wakitazama sabuni ikikauka juu ya shaba.

"Sema," kaka akamwambia.

Pua akainamia povu mara ya mwisho. "Safi."

Kaka hakutabasamu. Aliangalia povu yeye mwenyewe, kwa muda mrefu, kisha akamwita mkewe kuelekea mlangoni: "Mama, kaa hukohuko nje kwanza na mtoto!"

Ndipo akawasha.