Baba wa Ubatizo wa Bwana Crandall

Kabla Bwana Crandall hajavuka mto kuja kwetu Teksasi, sehemu ya Meksiko, alimwita Onesimo mtumwa. Alipovuka, kwa kuwa sheria ya Meksiko ilikataza kuingiza watumwa, alimwita mwajiriwa, akampa mkataba wa miaka tisini na tisa. Mengine yote, pamoja na mjeledi, yalibaki mahali pake.

Onesimo alipotoroka shambani na kuja kudai uhuru wake mbele ya Don Anselmo, mkuu wa mji wetu na hakimu wake, Crandall aliingia nyuma yake akiupeperusha mkataba huo. Mimi nilikuwa karani.

"Mzee, una umri gani?" Don Anselmo aliuliza.

"Sitini na mmoja, Mheshimiwa."

"Basi utastaafu ukiwa na mia moja na sitini."

"Bwana ameniahidi barua ya sifa nikimaliza."

"Alikubali mwenyewe," Crandall alisema. "Alama yake hiyo hapo."

"Naiona. Karani, lete daftari la ubatizo."

Hapo sharti nirudi nyuma kidogo. Ardhi yetu hupewa Wakatoliki tu, na Crandall, ambaye kwao ubani ulihesabiwa moshi wa shetani, alikubali ubatizo upesi kama mtu aliyekaribishwa kahawa. Tatizo lilikuwa msimamizi. Kwetu baba wa ubatizo ni ndugu: hula mezani pako kila sikukuu, nawe humbusu mkono kila mkutanapo. Crandall hakutaka Mmeksiko mezani pake. Akamsukuma mbele Onesimo, aliyebatizwa utotoni huko Luiziana. Padre alipouliza kama msimamizi huyo ni mtu huru, maana asiye huru hafai, Crandall aliapa, mkono juu ya Injili: "Huru kama mimi."

Niliyasoma maneno hayo daftarini kwa sauti. Don Anselmo akaomba niyarudie.

"Yale yalikuwa mambo ya kanisa tu," Crandall alisema.

"Na hati ya shamba lako imesimama juu ya mambo hayo ya kanisa. Kama Onesimo si huru, hukuwa na msimamizi. Bila msimamizi siutambui ubatizo, na bila ubatizo huna shamba. Chagua, bwana. Mimi sina haraka. Chakula changu cha mchana ni maharage yaleyale ya jana."

Crandall alitazama dirishani, upande wa pamba yake.

"Ni huru," alisema, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Vizuri. Sasa msalimie baba yako."

Crandall alipiga goti, akaubusu ule mkono juujuu. Onesimo hakuuondoa upesi.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Jioni ufunge zizi mwenyewe. Yule punda jike ameshajua kufungua komeo, na mimi sitakuwepo hadi Krismasi, nitakapokuja kula."