Nyumba ya Wakoma ya Ikolo

Pori! Mwalimu Eliud alisimama mbele ya watu wote, karatasi mkononi, akasoma kwamba misheni ilipofika Ikolo ilikuta pori, ikalifyeka, ikajenga nyumba ya wakoma. Nyumba ilikuwa inatimiza miaka kumi, na watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wazee wa kanisa, nimeuma meno mpaka taya linaniuma.

Pori gani lina migomba iliyopandwa kwa mistari? Ile migomba aliipanda baba yangu. Mdogo wake alipopata ukoma na watu wakamkimbia, baba alimjengea nyumba ya mianzi katikati ya shamba, akawa anakula naye chungu kimoja. Wagonjwa wengine wakasikia, wakaja mmoja mmoja, naye akaongeza vyumba. Hakumuuliza mtu anaabudu nini wala ana wake wangapi. Yeye mwenyewe alikuwa nao wanne. Misheni ilikuja baadaye, ikaleta dawa na kengele, nami nashukuru. Lakini mgeni hawi mwenye nyumba kwa sababu ameleta kengele.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonichoma ni dada yangu Ambilikile, aliyekuwa nje ya ua, juani, tangu asubuhi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekwisha. Kijijini kwa mumewe walikuwa wamemwambia aondoke, na dawa ya vidonda ilikuwa humu ndani tu. Sheria ya nyumba ilisema mke wa pili kama yeye hapokelewi mpaka asimame kanisani aikane ndoa yake. Ambilikile alikataa katakata.

“Nikisema ndoa yangu ilikuwa uchafu, wanangu watano ni nini?” aliniuliza.

Basi niliinuka kabla wimbo haujaanzishwa.

“Mwalimu, soma vizuri! Baba yangu angekuja hapa leo na ukoma, mngemfukuza kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Na binti yake mmemwacha nje kama mbwa!”

Eliud hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Mzee Andongwisye,” alisema, “sheria hii haikutoka Ulaya. Tuliipitisha sisi wazee, alipokuja yule mama mgonjwa kutoka kijiji cha Talatala. Nani aliitetea kuliko wote?”

Wazee wenzangu wote wakanigeukia. Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimebatizwa karibuni, najiona mtakatifu kuliko walionibatiza. Nilisema tukimpokea mke wa tatu leo, kesho tutapokea wachawi. Yule mama alikuwa dada wa mtu mwingine, si wangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nilitoka nje na hasira yangu yote, na sasa sikujua nimpige nani.

“Wamekataa?” Ambilikile akauliza.

“Sheria ni yangu, dada. Niliitaka mimi, siku ile tulipomfukuza mama wa Talatala.”

“Najua, kaka. Aliniambia.” Hakupandisha sauti. “Aliponitajia jina lako niliona aibu kusema tumezaliwa pamoja. Alikaa kwangu miaka miwili. Nilimwosha vidonda kwa mikono hii mpaka nilipomzika.”

Niliitazama mikono hiyo. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningemlaani nani zaidi ya mtu aliyevaa nguo zangu?

Nikamshika mkono wa kushoto. Alijaribu kuuvuta, nikaukaza. Tulipofika langoni, Mwalimu Eliud alikuwa ameshatoka, amesimama njiani na karatasi yake, nyuma yake wazee wenzangu wote. Nikamwambia apishe.

“Anza kuifuta sheria yako kwenye kikao, Mzee,” alisema. “Kisha umlete.”

“Yule wa Talatala hakungojeshwa kufukuzwa,” nikasema, na nikamsukuma akaanguka, mimi mzee wa kanisa, nikaingia na dada yangu.