Kipimo cha Walio Tumboni

Siku ile mjinga alikuwa Yahaya, tusimtafute mwingine. Wafadhili walikuwa ng'ambo, daktari wa mradi alikuwa ofisini Mwanza mjini, na mashine ya kupimia presha ilikuwa mapajani mwake yeye, imejaa chaji, na mwenye kuihitaji amekaa mbele yake kanyoosha mkono.

Kila mwezi Yahaya alivuka na kivuko mpaka Kamanga, akapanda pikipiki hadi nyumbani kwa Luhaga, kumpima Mhoja, mke wa Luhaga, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamesema kwamba presha na kisukari, yale magonjwa yanayomkamata mtu akiwa mzima na akili zake, huanza kupikwa angali tumboni mwa mama. Basi wakatoa fedha ili kina mama wafuatwe tangu mimba, na watoto wafuatwe mpaka wakue, ijulikane pa kuuzimia moto. Ni jambo la maana, na Yahaya aliliamini kwa moyo wote. Baba yake mwenyewe, fundi cherehani wa Mkuyuni, kisukari kilimkata mguu kabla hata hajaota mvi.

Shida ya miradi ni kwamba kina mama huichoka. Leo unapima, kesho unapima, mwishowe wakisikia pikipiki wanakimbilia shambani. Kwa Yahaya hawakukimbia, maana alikuwa na dawa yake: utani. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyeletwa Mwanza na kazi ya reli, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi hizo za mababu. Wana ruhusa ya kutukanana mchana kweupe na asiwepo wa kukasirika. Ng'washi, mama yake Luhaga, alipolijua hilo, alifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe.

"Shikamoo, mtani," Yahaya angesema, akishuka kwenye pikipiki.

"Marahaba, mtumwa wangu. Umekuja kupima au kumaliza michembe yangu ya viazi?"

"Nimekuja kuona kama umeshakufa, nirithi kuku."

"Nikifa nani atakutukana? Utakonda!"

Mhoja alicheka mpaka Yahaya akalazimika kurudia kipimo, kwa sababu kicheko nacho hupandisha presha.

Siku hiyo ya ujinga, kipimo cha Mhoja kilikuwa kizuri. Yahaya alikuwa anaufungua mkanda wa mashine mkononi mwa Mhoja pale Ng'washi, aliyekuwa kimya isivyo kawaida, kichwa amekikaza kwa khanga, alipoivuta stuli yake karibu na kunyoosha mkono.

"Nifunge na mimi hicho kitambaa chako."

"Wewe? Bibi, mradi huu ni wa walio tumboni. Ingia tumboni kwanza!"

Mhoja akaangua kicheko. Ng'washi akatabasamu kidogo, ila mkono hakuushusha.

"Kichwa kinanigonga tangu juzi, kama kuna mtu anatwanga humo ndani. Na vidole hivi vina ganzi. Zahanati nimeenda, kipimo chao kibovu."

"Hao ni mababu wa Kizaramo wanatwanga. Wanataka kuku wao."

"Mtani, leo sitanii."

Hapo ndipo Yahaya alipocheka kuliko wote. Mtani akisema hatanii, si ndio utani wenyewe huo? Si ni Ng'washi huyuhuyu ambaye mwezi uliopita alijilaza mkekani akajifanya maiti, na Yahaya alipopiga kelele akafumbua jicho moja kuuliza kama kuku wake wamesalimika? Hadanganyiki tena, hata! Kweli ilikuwepo kanuni kwamba mashine ile inatuma kila kipimo ofisini, na kipimo cha bibi kikiingia kati ya wajawazito kinachafua hesabu nzima. Lakini kanuni hiyo Yahaya aliikumbuka baadaye, ilipomfaa. Siku yenyewe alikunja mkanda, akachota michembe konzi moja, akaondoka akiimba.

"Nenda salama, mtumwa," Ng'washi alisema nyuma yake. Hakuongeza tusi.

Kesho yake asubuhi simu ya Luhaga ilimkuta Yahaya bado kitandani.

"Mtani wako ametutoka."

"Mwambie aamke bwana," Yahaya akasema akicheka. "Safari hii hanipati."

Yahaya alisikia sauti za wanawake wakilia kwa mbali, akaketi. Ng'washi alikuwa ameanguka jikoni, mdomo ukapinda, na alikata roho pale Kamanga wakisubiri kivuko cha asubuhi.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, pembeni mwa mihogo. Msiba wa mwenye watani una desturi yake: mtani anaingia kaburini, analala, anagoma kutoka mpaka apewe kitu, huku akimsema marehemu kwa uchoyo wake na vituko vyake, mpaka waliofiwa wacheke huku machozi yanawatoka.

"Mtani wa mama afanye kazi yake," Luhaga akasema.

Yahaya akashuka. Akajilaza. Udongo ulikuwa wa baridi, na maneno yote aliyokuwa nayo duniani yakamkimbia. Juu watu walisubiri.

"Anadai nini huyo?"

"Mpeni kuku!"

Yahaya akajifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kumtikisika.

"Ona anavyoigiza," mzee mmoja akasema kwa furaha. "Wazaramo bwana!" Watu wakacheka, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka Luhaga alipoacha kucheka, akainama, akamvuta kwa kwapa kumtoa.

Baada ya mazishi simu ya Yahaya ililia. Alikuwa Daktari Nasma, mkuu wa mradi.

"Pole sana, Yahaya. Lakini nimeambiwa Mhoja anajitoa. Wafadhili wanakuja mwezi ujao kuamua kama waendelee au wafunge. Wakikuta kina mama wanapungua, tumekwisha sote. Zungumza naye. Wewe ndiye wanayekusikiliza."

Mhoja alikuwa ameketi nyuma ya jiko, kwa sababu mjamzito hasogezwi kaburini. Yahaya akachuchumaa mbali kidogo.

"Usijitoe, Mhoja."

"Nimeshajitoa."

"Mashine si yangu. Wenye fedha wamesema ni kwa ajili ya..."

"Najua ni kwa ajili ya nani. Ulisema."

"Nilidhani ananitania."

"Hata mimi nilicheka," Mhoja akasema, akitazama mikono yake. "Nilishika mbavu kabisa. Naye kanyoosha mkono pale."

Mtu mwenye busara angeishia hapo, akampa pole, akaenda zake. Lakini Yahaya alikuwa ametumwa. Isitoshe, maneno aliyotumwa alikuwa anayaamini, na hilo ndilo lililomponza.

"Basi mfikirie mtoto," akasema. "Mradi upo kwa ajili yake. Akue, awe na wajukuu, asije naye akaanguka jikoni siku moja kama bibi yake. Presha inaua, Mhoja. Inaua kimyakimya."

Mhoja akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akamtazama.

"Kumbe mlikuwa mnajua, Bwana Yahaya."