Marehemu Yuko Sebuleni

Mimi ndiye ninayeandika historia za wafu hapa mtaa wa Uhuru. Sikuiomba kazi hiyo. Mwaka wa themanini na moja, mzee mmoja wa kanisa letu alisomewa historia na mpwa wake aliyekuwa amelewa. Mpwa akamruka mke wa pili na watoto wake wanne kana kwamba hawakuwahi kuzaliwa, na watu wakarushiana mchanga wa kaburi. Baada ya hapo kasisi akasema, "Asenath ni karani, anajua kupiga taipu, tena hana maneno mengi." Hapo mwisho alikosea. Maneno ninayo, ila huyaweka mpaka watu wamalize kuzika.

Nina taratibu zangu. Naenda kwa wafiwa na daftari, nauliza: alizaliwa wapi, mtoto wa nani, alifanya kazi gani, ametanguliwa na nani, amewaacha nani. Napiga taipu saa ya chakula huko kiwandani Industrial Area, kisha narudi kuwasomea wote wa nyumba ile. Wote wakikubali, inasomwa kanisani. Mmoja akikataa, haisomwi. Hata akiwa mtoto wa darasa la tatu, haisomwi.

Basi mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na nne, Ledi akaniita nyumbani kwa Mama Maingi akaniambia kuna historia ya kuandika. Nikampa pole, nikafungua daftari, nikamwuliza marehemu ni nani.

"Mimi," akasema.

Ala! Nikamtazama Mama Maingi, ambaye alikuwa kwenye cherehani yake pale dirishani akishona sare za shule. Hakuinua kichwa.

"Ledi, huo ni uchuro," nikasema.

"Daktari amesema moyo wangu hautamaliza masika," akajibu kwa Kiingereza chake kile cha kuviringa. "Nilikwenda kwenye mazishi ya Mzee Ndete. Ulimsoma kwa dakika arobaini, kanisa zima likiguna na kupangusa machozi. Kwetu husoma mistari miwili, kisha chai. Sijaona watazamaji kama wale tangu niache jukwaa. Kwa nini yangu isomwe na mimi nisiisikie?"

Huyo ndiye Ledi Perpetua Wrenfield, mzungu wa pekee Uhuru nzima, miaka sabini na minne, aliyelala chumba kimoja na mapipa ya maji. Hilo "Ledi" si jina la utani tulilompa sisi. Baba yake alikuwa lodi huko Uingereza, mwenye nyumba ya vyumba arobaini na wanane, na binti yake alifariki mara nne mbele ya kamera.

Nilimwandika Jumamosi nne mfululizo. Alisema Kiingereza, mimi nikaandika kwa hati mkato. Alitoroka kwao akiwa na miaka kumi na tisa, amevaa koti la yaya wake. Baba hakumsamehe, binti wa lodi kupaka rangi mdomo na kulipiwa kiingilio, ilikuwa aibu kuliko kuiba. Mwaka mzima alibeba sinia jukwaani katika mji mmoja wa pwani, bila kusema neno. Siku mwigizaji mwenye maneno alipougua, akasema yeye. Wakati wa vita aliigiza London mabomu yakianguka, na watu hawakutoka nje kwa sababu walitaka kujua mwisho wa mchezo. Hilo alinisimulia mara tatu. Kisha sinema, kumi na moja. Magazeti yalimpenda. Mjane, malkia, mke wa nahodha, zote alizicheza, na kwa kulia, wacha wee, hakuwa na mpinzani.

Mwaka wa hamsini na saba wakaja kupiga sinema Naivasha. Hapo ndipo alipompenda rubani mmoja aliyenyunyizia mashamba dawa, akaolewa, asirudi kwao tena, akawa akizicheza zile zile jukwaani Nairobi. Rubani alikunywa mpaka ini likakataa. Kaka yake Ledi alirithi vile vyumba arobaini na wanane na hakumkumbuka hata kwa kimoja. Mwaka wa themanini na nane alifukuzwa kwenye nyumba ya kupanga Lang'ata, na Mama Maingi akaenda kumchukua na pikapu ya binamu yake Muoki, mchonga vinyago. Walimshusha hapa mchana kweupe na masanduku mawili na kofia yenye manyoya. Watoto waliwafuata mpaka mlangoni.

Mtaa ulisema sana. Wengine walisema Mama Maingi anangojea urithi. Sahro wa dukani alikuwa akiniuliza kila mwezi, "Mzungu wenu haendi kwao?" Mimi nilijibu kwamba ni roho ya Kikristo. Mama Maingi, jina lake la kuzaliwa Ndindi, alimfanyia kazi Ledi kwa miaka ishirini na miwili, tangu ile sinema ya Naivasha. Kazi yake ilikuwa kumvisha na kumvua nguo za kuigizia, kumfunga vifungo, kumpigia pasi, kusimama naye nyuma ya pazia ameshika pini mdomoni. Nikafikiri, mtu akimfunga mwingine vifungo miaka yote hiyo, damu zinachanganyika. Kumbe sijui kitu.

Jumamosi ya tatu masimulizi yalifika Naivasha. Ledi alieleza gauni la dansi, jeupe, vifungo sitini na viwili mgongoni, na hakuna aliyeweza kuvifunga upesi isipokuwa Ndindi.

"Siku ile ile," akasema, "habari ilikuja kutoka Kaloleni kwamba mtoto wa Ndindi ana surua. Nikamwambia, Ndindi, chukua gari langu, chukua dereva, nenda sasa hivi. Lakini alikuwa amechelewa, maskini. Na mimi jioni ile nikalia mbele ya kamera, machozi ya kweli, kwa ajili ya yule mtoto. Watu wanakikumbuka kilio kile mpaka leo. Andika hayo, Miss Asenath."

Nikaandika. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Nilipotoka, Mama Maingi alinisindikiza mpaka bombani. Aliweka mtungi chini ya bomba ambalo halikuwa na maji, akausimamia hivyo hivyo.

"Gari halikuja," akasema.

"Gari gani?"

"Nilimwomba asubuhi. Nilipiga magoti, Asenath, na gauni mkononi. Akaniambia nisubiri wamalize. Walimaliza siku ya pili jioni. Nilipanda lori la maziwa. Nilifika Kaloleni jirani ameshamfunika."

Nilimwuliza kwa nini basi aliendelea naye.

"Mwanzoni ni kwa sababu ya kazi. Mume wangu alikufa, Maingi alikuwa tumboni. Baadaye nikaona huyu mama anaiongezea chumvi hadithi ya lile gari kila akisimulia. Kwanza gari, kisha dereva, mwaka jana ameongeza blanketi. Nikasema ngoja, ipo siku atasema. Walipomfukuza Lang'ata nilimleta hapa asije akafia kwa watu wengine kabla hajaniambia."

"Na asiposema?"

"Basi nimemwosha na kumlisha miaka sita bure," akasema, akauinua mtungi mtupu. "Usimwambie kitu. Wewe njoo na ile kawaida yako ya kuuliza kila mtu kama amekubali."

Nilikasirika, nakiri. Nilimkasirikia Ledi, na Mama Maingi pia, kwa kukaa na jambo kama hilo miaka thelathini na saba na kulipikia uji kila asubuhi. Ningekuwa mimi, ningelitapika siku ya kwanza. Lakini mimi sikuwa na mimba wala kazi ya kupoteza. Nikaenda kazini, nikapiga taipu yote kama alivyosema, gari na dereva. Kazi ya karani si kurekebisha.

Jumamosi ya nne Ledi alikuwa amevaa hereni. Midomo yake ilikuwa ya samawati na miguu imevimba, lakini hereni alivaa. Aliketi kwenye kiti chenye mto wa kitambaa, mikono pajani, tayari kusikiliza jinsi alivyoishi. Mama Maingi alikuwa dirishani. Nikasoma kwa Kiswahili, kama itakavyosomwa kanisani. Ledi alikielewa, ila mwenyewe alikuwa na kile Kiswahili cha mabwana shamba tu, cha kuagizia chai.

Nilipomaliza, aliguna kwa furaha. Nikafuata taratibu zangu.

"Ledi, umekubali?"

"Kabisa."

"Mama Maingi?"

"Nimekataa."

Ledi akageuka. Nadhani katika miaka yote ile hakuwa amelisikia neno hilo kutoka upande huo. "Ndindi?"

"Gari halikuja," Mama Maingi akasema.

Nje watoto walikuwa wakigombania kamba ya kuruka. Ledi alifumba macho, akainua mkono wa kushoto taratibu mpaka kooni, na machozi yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, bila uso kukunjika. Akaanza kusema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini iliyofika kila pembe ya chumba. Alisema kwamba usiku wote wa maisha yake amelibeba hilo. Kwamba alikuwa kijana, na woga, na kazi ni bwana mkali. Kwamba kama angeweza kuutoa moyo wake, angempa. Haki ya Mungu, nililia. Kalamu ilinianguka. Nikasema moyoni, haya, limekwisha, mficha uchi hazai, leo Ledi amezaa.

Mama Maingi alingoja amalize. Kisha akaniambia mimi, wala si yeye, "Huo ni mchezo wa yule mke wa nahodha. Mkono shingoni, jicho la kulia kwanza. Wa malkia ulikuwa wa kupiga magoti. Nilisimama nyuma ya pazia nikiona yote, kila siku, mara mbili siku ya Jumamosi."

Ledi aliyafungua macho. Machozi yalikatika papo hapo.

"Sema kwa Kiswahili," Mama Maingi akamwambia.

"Ndindi, you know I can't..."

"Kile unachoniambia lete maji. Sema kwa hicho."

Sijawahi kuona mtu akitafuta maneno namna ile. Kwa Kiingereza alikuwa na maneno ya malkia na wajane, yaliyoandikwa na watu wenye akili. Kwa Kiswahili alikuwa na lete, ondoa, haraka, funga mlango. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia, nikamwacha.

"Mimi nasikia wewe," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa kavu, ya bibi kizee tu. "Asubuhi. Wewe naomba ruhusa. Mimi nasikia kabisa."

"Ndiyo," Mama Maingi akasema.

"Mimi nafikiri, kama Ndindi nakwenda, nani nafunga gauni? Mimi nafikiri gauni. Hapana fikiri mtoto." Akavuta pumzi kwa shida. "Gari ilikuwa hapo. Dereva nalala ndani ya gari. Siku mbili. Mimi naona yeye nalala."

Hilo la dereva Mama Maingi hakuwa akilijua. Nililiona likimwingia. Alishika meza ya cherehani kwa mikono yote miwili.

"Jioni mimi nalia, wote napiga makofi. Mimi hapana lia kwa mtoto. Mimi nafurahi. Kazi ilikuwa mzuri."

Hakukuwa na machozi hata moja. Uso wake ulikuwa umekaa vibaya, mdomo umepinda upande, na kamasi zinamtoka. Hakujipangusa.

Kisha akauliza, "Ndindi. Mtoto. Jina yake nani?"

Jamani. Miaka thelathini na saba. Nikawaza nimrushie daftari. Nikakumbuka kwamba hata mimi, niliyekuja na maswali yangu ya ametanguliwa na nani, sikuwa nimeuliza.

Mama Maingi aliiachia meza.

"Mutie," akasema.

"Mutai."

"Si Mutai. Mutie."

"Mutie," Ledi akasema. Akarudia polepole, midomo ikisogea, mara ya tatu, mara ya nne, mpaka likatoka sawasawa.

Nikachukua karatasi zangu, nikakata mistari ya gari na dereva, nikaandika juu yake kama ilivyosemwa, na jina. Nilipoinua kichwa, yule mama alikuwa ameketi sakafuni kati ya sare za shule, analia kwa sauti kubwa, kilio cha msibani, mpaka watoto nje wakaacha kuruka. Ledi alimtazama kutoka kwenye kiti. Miguu ile isingemfikisha hata akitaka.

Nikapiga magoti pale sakafuni na leso.

"Pole," nikamwambia. "Pole sana, Mama Maingi."

Akaushika mkono wangu, akaubana.

"Mama Mutie," akasema. "Maingi ni wa pili."