Hamsini na Nane Chini ya Baiskeli

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, watu humwita Profesa. Hajafundisha popote. Alikaa chuo fulani mwaka mmoja na nusu, akarudi na miwani, na tangu hapo miwani hiyo ndiyo inayotufundisha sote. Namwomba Mungu anisamehe ninavyomsema. Kunizuia, hapana, hilo sijaliomba.

Jumamosi ile alifika saa nne asubuhi pamoja na shangazi yao, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye neno lake katika ukoo ule ndilo kufuli. Nilikuwa nashona magauni ya kwaya, futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni. Baiskeli ilikuwa mahali pake, juu ya misumari miwili ukutani, nyuma ya cherehani. Ni baiskeli ya mbio ya Kiitaliano, ya kijani kilichopauka, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Jina la kiwanda lilikuwa kwenye karatasi za kubandika, nazo zilishabanduka zamani. Tangu mwenyewe, mume wangu, azikwe, kila Jumamosi naishusha, naifuta, naitia mnyororo mafuta.

"Shemeji," alisema Profesa, hata kiti hajakalia, "nimekuja kuchukua baiskeli ya Baba."

"Baba yupi?"

"Baba yetu sisi. Nimefanya utafiti."

Utafiti! Mvivu wa kulima naye husema ameipumzisha ardhi. Utafiti wenyewe niliujua. Wiki iliyotangulia, nikiwa kanisani, alikuja akamwomba binti yangu amteremshie baiskeli, akalala chali sakafuni na kurunzi mdomoni kama fundi wa gari. Chini kabisa, pale mabomba ya fremu yanapokutana kwenye pedeli, aliona namba imegongwa kwenye chuma: 58.

"Shangazi, ni mwaka huo," alisema. "Elfu moja mia tisa hamsini na nane. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne anapewa baiskeli ya mbio? Baba ndiye aliyefanya kazi kwa Waitaliano. Walimpa yeye. Alipofariki, mdogo wangu akaibeba kimya kimya, na mimi nikanyamaza kwa ajili ya undugu."

"Kwa hiyo mume wangu mwizi?"

"Mimi sijasema. Namba ndiyo inasema."

Shangazi alifumba macho. "Mwanangu, kama ilikuwa ya kaka yangu, itakwenda kwa mtoto mkubwa. Na marehemu tutamwombea msamaha."

Chuma kingekwenda nisingelia. Lakini kumwombea mume wangu kama anavyoombewa mwizi! Mtu aliyerudi dukani kwa miguu kwa sababu muuzaji alimzidishia msumari mmoja! Baiskeli ile alipewa na Mwitaliano mpima barabara, ambaye mume wangu alikuwa akimbebea vyombo vya kazi. Mzungu yule alipomaliza mkataba mwaka sabini na tisa, alimwachia. Karatasi hakuna. Kuna mdomo wangu tu, na mdomo wa mjane juu ya mumewe nani anauhesabu?

Nikamtuma binti yangu ng'ambo ya barabara amwite fundi baiskeli, yule wanayemwita Spoki. Akaja na kisanduku chake, akaisimamisha baiskeli kichwa chini.

"Tuanze na asili yake," alisema, akashika kikombe cha beringi, kile kinachobana ekseli ya pedeli, upande wa kulia.

"Hicho kinafunguliwa kwa kuzungusha kulia," Profesa akadakia. "Upande huo kila baiskeli iko hivyo. Hata mtoto anajua."

"Basi mwache mtoto ajue," nikasema. "Fundi, zungusha kushoto."

Miaka yote ya ndoa nimemwona mume wangu na fulana yake akikikaza kikombe kile. Kilikuwa kinalegea chenyewe akiendesha, naye akilalamika, "Waitaliano hawa, wanajua urembo tu!" Spoki akazungusha kushoto. Kikafunguka.

"Ya Kiitaliano," alisema. "Za kwingine nyingi huku hufunguka kinyume."

"Si ndivyo nilivyosema?" Profesa akajinyoosha, kana kwamba kikombe amekifungua yeye.

Fundi akachomoa gurudumu la nyuma, akafuta nati ya ekseli kwa tambara la mafuta ya taa. Pembeni, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, palikuwa na 76. "Hawa waliotengeneza ekseli hii," alisema, "walikuwa wakigonga mwaka kwenye nati."

Kaburi la baba mkwe limeandikwa 1971. Aliyeandika kwenye saruji ni Profesa mwenyewe, kwa kijiti, na herufi moja akaikosea.

Lakini hakukubali. "Gurudumu hubadilishwa! Baiskeli ni fremu, na fremu imeandikwa hamsini na nane."

Nisimdhulumu mtu: hilo lilikuwa neno la akili, la kwanza tangu avae miwani. Spoki naye alijikuna kichwa. "Hapo kasema kweli. Gurudumu haliwezi kuisemea fremu."

Shangazi akafumbua jicho moja, akanitazama. Nami nilikuwa naitazama 58 ile, na vidole vyangu vikawa vinachezea futi shingoni. Magauni kumi na mawili ya kwaya yalikuwa mezani, na ndani ya kila ukosi nimeandika namba kwa chaki. Miaka thelathini naandika namba ndani ya nguo. Sijawahi kuandika mwaka.

"Fundi, shika ncha hii. Katikati ya ekseli ya pedeli, hapo hapo."

Nikaivuta futi kufuata bomba la kiti mpaka katikati ya pale linapokutana na bomba la juu.

"Soma, Profesa. Miwani unayo."

Hakusoma. Alisoma Spoki. "Sentimita hamsini na nane!" Akacheka mpaka akakaa juu ya kisanduku. "Mama, ni kipimo cha fremu! Nina nyingine dukani imegongwa hamsini na nne, na mimi nilidhani ni namba ya fundi!"

"Namba zinaweza kufanana tu," Profesa akanung'unika.

Ndipo Shangazi alipofumbua macho yote mawili. "Irudishie gurudumu, fundi. Wewe, panda."

"Shangazi?"

"Panda. Wewe na baba yako mlikatwa kwenye kitambaa kimoja, na kitambaa chenyewe hakikutosha. Kaka yangu alipanda kigoda kufungua dirisha. Nataka kuona alivyoendesha."

Spoki alikishusha kiti mpaka mwisho, akaishikilia baiskeli. Profesa akarusha mguu, akaning'inia. Huku vidole vya kiatu vinaitafuta sakafu, kule vinaitafuta tena, na bomba la juu limemfikia pale ambapo mwanaume hapendi bomba limfikie.

"Huyo ndiye kaka yangu," alisema Shangazi. "Baiskeli hii hajaipanda. Sasa nimwombee msamaha nani?"

"Huenda nilikosea," alisema Profesa, jasho likimtiririka.

"Huenda?" nikauliza.

"Nilikosea. Fundi, iinamishe nishuke."

Spoki alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa: bado.

"Na marehemu?" nikamuuliza Profesa.

"Marehemu hakuiba."

"Sema tena, shemeji. Shangazi hasikii vizuri."

Shangazi husikia sindano ikianguka chumba cha pili. Alitega sikio kwa mkono, akangoja.