Bado, Mama

Kitanda alichopewa kilikuwa cha juu, karibu na dirisha, na godoro lake lilikuwa na shimo katikati lenye umbo la mtu mwingine. Alitandika shuka, akaning'iniza taulo kwenye nondo, akasimamisha visu vyake vya kuchongea nta ndani ya kopo tupu la maziwa. Alikuja mji ule kwa muhula mmoja tu. Chuo cha kwao, alikosoma jioni baada ya kazi, hakikuwa na tanuri ya kuokea meno ya bandia, na fundi wa meno asiyeijua tanuri hapati cheti.

Nyumbani walimwita Mama Kipusa. Kipusa alikuwa na miezi kumi na minne, meno sita na maneno matatu, moja likiwa "hapana". Alikuwa amebaki na bibi yake. Hapa mjini hakuna aliyemwita mama wa mtu yeyote. Walimwita wa kitanda cha juu.

Wa kitanda cha chini alikuwa Mrefu, na nyayo zake zilitokeza nje ya nondo. Mrefu ndiye aliyemwonyesha mambo ya bweni: bomba lipi lina maji, mlango upi unagoma, na kwamba kila jioni kabla ya chakula matroni hupita chumba kwa chumba akiuliza swali moja.

"Swali gani?"

"Kama una mtoto. Wenye watoto hawakai hapa. Na ukipoteza kitanda umepoteza na kiti cha darasani, ndivyo walivyojipangia."

Mrefu akamtazama usoni, akaelewa, akashusha sauti.

"Sasa shoga, usije ukasema sina. Utajilaani. Sema bado."

Akamshukuru. Lile neno sina asingeweza kulitamka. Bado lilikuwa neno la adabu, halimfungii mtu mlango.

Jioni matroni alisimama mlangoni, mwanamke wa makamo mwenye funguo shingoni na kandambili zisizotoa sauti.

"Una mtoto?"

"Bado, mama."

"Haya. Chakula tayari."

Mwisho wa wiki alipiga simu nyumbani.

"Hatujambo," mama yake alisema. "Ila jino moja la Kipusa limerudi ndani."

"Limevunjika?"

"Limerudi, mwanangu. Ufizi umejifunga vizuri, hata damu hakuna. Uji anakunywa."

Yalirudi mengine. Kisha Kipusa akaacha kutembea, akatambaa. "Hapana" ilipotea wiki ileile na viatu vyake, ambavyo bibi aliviweka juu ya kabati kwa kuwa vilikuwa vinampwaya. Alimpeleka zahanati. Nesi alimpima, akasema kilichopungua ni umri, uzito umefuata tu. Akawaambia wakirudi tena waje na nguo ndogo zaidi.

Darasani mwanafunzi alichonga kwa bidii. Walimpa kipimo cha kinywa cha mzee, yeye akatoa meno madogo kama punje za mchele. Mwalimu aliinua moja kwa koleo, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hili la nani? Hakuna mteja mwenye kinywa hiki."

"Limenitoka tu, mwalimu."

"Kazi safi. Haina soko." Akamrudishia. Tanuri, alisema, wataigusa mwezi ujao.

Jioni moja matroni aliumwa kichwa, hakupita. Kesho yake Kipusa hakuwa amepungua hata kidogo. Siku iliyofuata matroni alipona, akauliza, akajibiwa, na bibi akapiga simu kusema mtoto ameshindwa kukaa bila mto. Hapo mwanafunzi akapiga hesabu. Kila bado moja ilikuwa inakula siku tatu au nne za mtoto.

Akaanza kuiogopa jioni. Vikombe vikianza kugongana jikoni, kisu kilimteleza kwenye nta. Siku moja alijificha bafuni. Matroni alimngoja nje ya mlango kwa utaratibu kabisa, akauliza maji yalipofungwa. Siku nyingine alijaribu kutikisa kichwa tu. "Sema," matroni alimwambia. Akasema. Na kadiri Kipusa alivyorudi nyuma, maziwa yake mwenyewe, yaliyokuwa yamekauka zamani, yalianza kuja. Alijikunjia vitambaa ndani ya blauzi, Mrefu akamwazima sweta.

"Sasa hata shingo haijakaza," mama yake alisema kwenye simu. "Kamelala tu, kanatazama dari. Nikuulize, mwanangu. Kakifika siku kalipozaliwa, kataendelea wapi? Mimi tumbo langu lilishafunga."

Hakuwa akimlaumu. Alitaka kujua ajiandae vipi.

Jioni ile mwanafunzi alisimama mwenyewe mlangoni. Matroni alipofika, hakumpa nafasi.

"Mama, na wewe una watoto?"

Matroni alikuwa na mvi kichwa kizima. Aliziweka sawa funguo zake.

"Bado," alisema. "Nilipoomba kazi hii waliniuliza vilevile. Wangu ni wa kiume. Alikuwa ameanza shule, anajua kuandika mpaka herufi ya kwanza ya jina langu. Ofisini wananiuliza kila asubuhi."

"Na sasa yuko wapi?"

Matroni akaligusa tumbo lake kidogo kwa kiganja, kama mtu anayehakikisha pochi ipo mfukoni. Akarudi kwenye kazi yake.

"Una mtoto?"

Chini, Mrefu alivuta miguu yake ndani ya kitanda.

"Ninaye."

"Anaitwa nani?"

"Kipusa."

"Haya, Mama Kipusa. Kesho asubuhi kitanda kiwe wazi. Chakula tayari."

Akala, kwa kuwa kilikuwa kimeshapakuliwa. Kisha akapiga simu. Mama yake alichukua muda kumkagua mtoto.

"Kamesimama hapohapo," akasema. "Kitovu kilikuwa kimeanza kulowa, sasa kimekauka. Njoo unyonyeshe."

Asubuhi, kabla hajamaliza kukunja shuka, msichana wa kuchukua kitanda alikuwa ameshafika na begi lake. Mrefu alimwonyesha bomba, akamweleza mlango unaogoma, akamwambia swali la jioni.

"Usiseme sina, utajilaani. Sema bado."

Mama Kipusa akamshika yule msichana mkono.

"Mdogo wangu, usiliseme hilo. Kila bado moja inakula siku tatu, nne za mtoto. Mimi wangu ana wiki mbili sasa, na nilimwacha anatembea."

"Najua, dada. Walishaniambia." Msichana alikuwa akilipapasa godoro. "Wangu ana miaka mitatu. Muhula ni miezi minne. Nimepiga hesabu, nitamkuta anaanza kusema. Mara ya kwanza alianza nikiwa kazini, sikumsikia." Akaingiza ngumi kwenye shimo la godoro. "Hili ni lako?"

"Nililikuta."

"Haya. Nenda salama, Mama nani?"

"Mama Kipusa."

Akabeba begi lake na lile kopo. Ndani yake visu viligongana na meno sita ya nta ambayo hayakuwahi kuonja tanuri. Kwenye ngazi maziwa yalipenya sweta la Mrefu, yakalowesha mkanda wa begi, naye hakusimama kuyafuta. Juu, kupitia dirisha lililo wazi, alimsikia yule msichana akijizoeza kwa sauti ya chini, mara kwa unyenyekevu, mara kwa furaha kidogo, kama mtu anayejaribu viatu dukani.

"Bado, mama. Bado, mama. Bado."