Hatua ya Sita

Kiti kilipoanguka, alikiinua, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiambia, "Pole."

Wenzake katika Ofisi ya Marudio hawakugeuka hata kumtazama. Walishazoea. Huyu dada alikuwa akiipa pole milango iliyobamizwa, penseli zilizovunjika ncha, hata ngazi aliyojikwaa yeye mwenyewe. Ndiyo maana walimwita Bi Pole, na jina likamganda kama gundi.

"Iko siku utaipa pole mvua kwa kuanguka," alisema mwenzake wa meza ya pili, kaka mmoja aliyeitwa Redio kwa sababu akishawashwa asubuhi hazimiki mpaka jioni.

"Kimeanguka chali, kaka. Ungekuwa wewe je?"

"Ningekuwa mimi ningepiga ukunga. Kiti kimenyamaza, maana yake hakijaumia."

Bi Pole akacheka kidogo, akarudi kwenye bakuli lenye ufa lililokuwa mezani pake. Alikuwa na sauti ndogo, mtu wa kuomba chumvi mezani mara tatu kabla hajasikika, na kazi ile ilimfaa kwa kuwa haikudai maneno. Ilidai mikono na utii.

Mji wao uliongozwa na Baraza la Wajuzi tisa, waliochaguliwa kwa kura. Enzi za bibi zake bibi, watu wa namna hiyo waliitwa wachawi na kila mtu aliwakwepa. Kisha mmoja wao akaandika kwenye karatasi jambo alilolifanya, hatua kwa hatua, akampa jirani yake asiyejua chochote. Jirani akafanya, na jambo likawa. Tangu hapo uchawi ambao mtu mwingine anaweza kuurudia ukaitwa ujuzi, na mwenye ujuzi akaruhusiwa kuomba kura. Ule usiorudika uliachiwa wapiga porojo.

Kazi ya kurudia ndiyo iliyokuwa ya Bi Pole na Redio. Kila aliyetaka kuingia barazani alileta karatasi yake, ikapigwa muhuri, na baada ya muhuri hata nukta haikuongezwa mpaka uchaguzi mwingine, miaka minne baadaye. Mwenye karatasi alikaa nje. Mrudiaji aliingia ndani, akafanya kilichoandikwa. Majaribio yalikuwa matatu, na mawili yalipaswa kufaulu. Ukutani palibandikwa sheria ya kwanza kwa herufi za wino mwekundu: USIPUNGUZE, USIONGEZE.

Mwaka ule karatasi iliyosubiriwa na mtaa mzima ilikuwa ya fundi chokaa, mama mtu mzima mwenye viganja vipana na weupe usiotoka chini ya kucha. Alidai kwamba anaweza kuufanya ufa ujifunge wenyewe. Na ufa haukukosekana. Tangi la maji lililokuwa juu ya kilima lilipasuka miaka mitatu nyuma. Mjuzi wa Chuma, mmoja wa wale tisa, alilifunga mikanda ya chuma, na chuma kilimtii kama kawaida yake, ila nyufa hazikumjua. Maji yakawa hayapandi zaidi ya ghorofa ya kwanza. Mama yake Bi Pole alikaa ghorofa ya nne, na goti lake la kushoto lilikuwa limemkataa. Kwa hiyo Bi Pole alipandisha ndoo asubuhi na jioni, na kila alipopanda alimfikiria fundi chokaa.

Hatua zilikuwa tano. Koroga chokaa na maji ya mvua mpaka iwe kama uji mwepesi. Paka kwenye ufa kwa kidole, kutoka juu kwenda chini. Weka kiganja juu yake, uhesabu mpaka arobaini. Puliza mara moja katikati ya vidole. Ondoa kiganja.

Jaribio la kwanza lilimwangukia Bi Pole. Alipoondoa kiganja, ufa wa bakuli ukajifunga taratibu kama jicho la mtoto anayesinzia, na machozi yakamlengalenga. La pili lilimwangukia Redio. Alikoroga, akapaka, akahesabu arobaini kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe, akapuliza, akaondoa kiganja. Ufa ukabaki palepale, unamkodolea macho.

"Bakuli hili lina kiburi," alisema Redio, lakini safari hii hakucheka.

Ikabaki jaribio la tatu, kesho yake asubuhi. Wakapiga kura ya vijiti. Kijiti kirefu kikatoka kwa Bi Pole.

Jioni ile alipandisha ndoo kama kawaida. Mlangoni ikagonga mwimo, maji yakaruka.

"Haya bwana," mama akasema kutoka kitini. "Ndoo inapewa pole, mimi mwenye goti sipewi hata salamu."

"Shikamoo, mama. Nani amempa nani pole?"

"Marahaba. Wewe hapo, umeipa ndoo."

"Sijasema kitu."

"Umesema. Tangu mdogo hujisikii. Baba yako alikuwa akiniuliza, huyu mtoto anaongea na nani? Nikamwambia, haongei, anapumua hivyo."

Bi Pole akaiweka ndoo chini polepole. Alijaribu kukumbuka chumba cha marudio, bakuli, kiganja chake, ile dakika ya kuondoa mkono. Alikuwa amefunga mdomo, au alikuwa amesema? Hakujua. Na kutojua huko ndiko kulikomtisha.

Kabatini palikuwa na visahani viwili vyenye nyufa. Chokaa ilibaki tangu walipopaka ukuta, na maji ya mvua yalikuwa kwenye beseni la roshani.

"Mama, nitazame mdomo," akaomba. "Usinitazame mikono. Mdomo tu."

Kisahani cha kwanza alikifanyia hatua zote tano huku ameuma midomo mpaka ikauma kweli. Alipoondoa kiganja, ufa ulikuwa vilevile. Cha pili alijitahidi kufikiria mambo mengine, nguo za kufua, kitufe kilichokatika. Alipoondoa kiganja, mama akainua kidole.

"Hapo! Umesema."

Na ufa ukasinzia mbele yao.

Mama alikuwa akilikanda goti lake, macho yapo kwenye kisahani.

"Basi kesho fanya ulivyozoea," akasema mwishowe. "Unalinong'oneza tu. Nani atakusikia? Wewe hata ukipiga kelele hatusikii."

Bi Pole akavifuta visahani, akavirudisha kabatini.

"Nimesema tu," mama akaongeza, na akageuka dirishani.

Asubuhi, njia nzima, Bi Pole alijibishana na nafsi yake. Akinong'ona, fundi chokaa ataingia kwenye orodha, na mtaa mzima utampa kura. Tangi litapona. Mama atafungua bomba jikoni. Halafu karatasi yenye hatua tano itachapishwa na kupelekwa kwa kila fundi, na kati yao watakuwepo akina Redio, watu wema tu ambao hawazungumzi na mabakuli. Watapaka ufa wa daraja, watapuliza, wataliamini, na daraja halitakuwa limepona. Karatasi itakuwa imewadanganya, na mkono ulioipitisha utakuwa wake. Lakini akisema, fundi chokaa atangoja miaka minne. Na yeye mwenyewe hatashika tena bakuli katika chumba kile.

Kwenye korido, fundi chokaa alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi. Hawakuruhusiwa kusalimiana. Waliinamishiana vichwa tu. Ubao wa benchi ulikuwa na ufa, na dole gumba la yule mama lilikuwa likiupapasa, kwenda na kurudi.

Ndani, chupa mbili za mwanga wa mchana zilining'inia darini. Zilikuwa kazi ya Mjuzi wa Taa, mwenyekiti wa Baraza, mzee mwenye miwani minene. Pembeni yake aliketi Mjuzi wa Chuma, na misumari iliyokuwa kwenye sahani ya mezani iligeuka yote kumwelekea. Redio alisimama ukutani kama shahidi.

Bi Pole hakuligusa bakuli.

"Kuna jambo niliongeza," akasema.

"Nini?" mwenyekiti akatega sikio. "Paza sauti, mwanangu, masikio yangu yameshastaafu."

"Jana. Niliongeza jambo."

"Anasema jana aliongeza jambo!" Redio akapokea kwa sauti ya kujaza ukumbi.

"Sikukusudia. Ilinitoka tu."

"Anasema haikuwa makusudi! Ilimto—"

"Kaka," Bi Pole akamgeukia, "niache niseme mwenyewe."

Redio akafunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi waliomjua.

Akasema yote, kiti, ndoo, visahani viwili, kidole cha mama yake. Sauti ilikuwa ileile ndogo, lakini ilifika. Alipomaliza, Mjuzi wa Chuma aliegemea mbele, na misumari nayo ikaegemea.

"Una miaka miwili hapa. Majaribio mangapi umeyapa pole?"

"Sijui, mzee."

"Hujui."

"Sijisikii nikisema. Ndiyo maana nimekuja kuwaambia."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaamua bila haraka. Bi Pole asirudie jaribio lolote mpaka uchaguzi mwingine. Aliyoyarudia yote, ishirini na matatu, yarudiwe upya. Redio akaguna, maana alijua yatamwangukia nani. Na jaribio la tatu la fundi chokaa lifanywe sasa hivi kama lilivyoandikwa. Redio akalifanya, akiwa amefunga mdomo, na bakuli likabaki na ufa wake.

Fundi chokaa akaitwa ndani, akaelezwa kwamba karatasi yake imeanguka, na kwa nini.

"Pole?" akauliza, kama hajaelewa. "Kwani hiyo nayo ni hatua? Si adabu tu? Kitu kimepasuka, utakishikashikaje bila kukipa pole?"

"Haikuandikwa, mama," mwenyekiti akamwambia.

"Nani anaandika kwamba alipumua?" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akavitazama viganja vyake. "Miaka minne." Kisha akainua macho kwa Bi Pole. "Ni wewe uliyegundua?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Yule mama akavuta kiti, akaketi.

"Nina miaka thelathini nafundisha vijana kazi hii," fundi chokaa akasema polepole. "Kila mmoja ilimshinda. Nikawaita wavivu. Mmoja nilimfukuza mbele ya mama yake mzazi." Akashika tama. "Itabidi nipite mlango kwa mlango, nikawaombe radhi. Hiyo miaka minne si mingi kwa kazi hiyo."

Mwenyekiti akakohoa. "Kabla hujaenda, mama, mimi ni mtu wa kupima. Kuna bakuli, kuna chokaa, kuna Redio."

"Mimi tena?" Redio akalalamika. Lakini alikoroga, akapaka, akahesabu, akapuliza, akaondoa kiganja. Kisha, kwa uso wa mtu aliyelazimishwa kumwomba radhi mdogo wake, akasema, "Haya, pole, bakuli."

Ufa ukafunga jicho.

"Lakini hata hakumaanisha!" Bi Pole akapaza sauti, na chupa za mwanga zikatikisika darini.

"Kweli, sikumaanisha hata chembe," Redio akasema, akilitazama bakuli kwa heshima ya ghafla.

Mwenyekiti alikuwa tayari anaandika kwenye karatasi mpya, huku akijisomea: "Hatua ya sita. Kipe pole. Si lazima umaanishe."

"Andika," fundi chokaa akamwambia. "Ila ongeza kwamba ukimaanisha haina madhara."

Kura zilipopigwa, jina lake halikuwepo. Kiti cha barazani alikipata mtu wa kufuga upepo. Lakini sheria ilisema pia kwamba ujuzi ukisharudiwa ni wa mji mzima, awe mwenyewe yuko barazani au yuko nyumbani kwake. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata watu wakapanda kilimani na ndoo za chokaa. Mjuzi wa Chuma naye alikuja, akaifungua mikanda yake mmoja mmoja bila kusema neno, akakunja mikono ya shati. Miongoni mwa waliopaka walikuwemo vijana wanne wa zamani wa fundi chokaa. Wa tano alikuwa bado amenuna, alikuja na kusimama mbali.

Bi Pole, ambaye sasa alikaa meza ya mlangoni akipokea karatasi na kumuuliza kila mwombaji ni jambo gani analolifanya bila kulifikiria, alipewa ufa mkubwa kuliko yote. Siku hiyo haikuwa ya marudio, ilikuwa kazi tu, na kazini mkono wake haukuzuiwa. Akapaka, akahesabu, akapuliza, akaondoa kiganja.

"Pole," akasema.

Hakuna kilichotokea.

"Hilo ni tangi, siyo kisahani," fundi chokaa akamwita kutoka juu ya ngazi. "Limeumwa miaka mitatu. Sema lisikie, mwanangu."

Watu walikuwa wakimtazama. Masikio yalimwaka moto. Akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Pole!"

Neno likaingia ndani ya tangi lililokuwa limetolewa maji kwa kazi ile, likazunguka ukuta mzima, likamrudia kubwa kuliko lilivyotoka. Ufa ukaanza kujifunga kutoka juu.

Jioni, tangi lilipojazwa tena, mama yake alisimama jikoni, ghorofa ya nne, mkono mmoja kwenye goti, mwingine kwenye bomba. Akalifungua. Bomba likakohoa, likatema kutu, likakohoa tena kama mtu aliyepaliwa.

"Pole," mama akaliambia, na ndoo ikaanza kujaa.